Mnyama Aliyesikika Kila Upande: Kisa cha Kirukanjia wa Kisiwa cha Krismasi

Tarehe 10 Oktoba 2025, wakati wa mkutano wa dunia wa uhifadhi uliofanyika Abu Dhabi, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilitoa toleo jipya la Orodha Nyekundu, inayoonyesha hali ya spishi za viumbe duniani, na ndani yake kirukanjia wa Kisiwa cha Krismasi, ambaye wanasayansi humwita Crocidura trichura, akawekwa rasmi katika kundi la spishi zilizotoweka. Habari hiyo ilipita upesi. Siku ileile ilitangazwa pia kwamba sululu wa mdomo mwembamba ametoweka, naye alikuwa ndege mhamaji ambaye picha zake zipo na ambaye watazamaji wa ndege wa Ulaya walimfahamu vizuri, kwa hiyo mnyama wa gramu tano au sita ambaye hakuna mtu aliyemwona kwa miaka arobaini hakupata nafasi kubwa magazetini. Nadhani alistahili zaidi ya hapo. Kisa chake ni miongoni mwa visa vichache ambamo tunaweza kumfuata mnyama tangu alipoandikwa kuwa yuko kila mahali hadi alipofutwa, na katika kila hatua tukajiuliza nani alijua nini na uamuzi gani ulifanyika au haukufanyika.

Ninaloliona katika kisa hiki ni kwamba kirukanjia huyu alipotezwa mara mbili. Mara ya kwanza alipotezwa na wageni walioletwa na meli mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo hakuna aliyekuwa na elimu ya kutosha kuzuia. Mara ya pili alipotezwa na imani kwamba alikuwa ameshakwisha, imani iliyojengeka mapema mno na ikadumu muda mrefu mno, na hapo lawama inagawanyika kwa namna nyingine.

Kirukanjia si panya, ingawa wengi wetu tukimwona akikatiza uani usiku humhesabu hivyo. Panya ni mguguna mwenye meno marefu ya mbele yanayokua maisha yake yote, ilhali kirukanjia ni mla wadudu mwenye pua ndefu iliyochongoka, macho madogo yasiyoona mbali, na meno yenye ncha kali za kuvunjia maganda ya mende. Mwili wake ni mdogo kiasi kwamba hupoteza joto haraka, na kwa sababu hiyo hulazimika kula mara kwa mara. Akikosa chakula kwa saa chache huwa hatarini. Jenasi ya Crocidura ina spishi takriban 200, na hakuna jenasi nyingine ya mamalia inayoizidi kwa wingi wa spishi. Baadhi yao ni wetu kabisa: misitu ya milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina virukanjia wa jenasi hii wasioishi popote nje ya Tanzania. Mnyama tunayemzungumzia ni wa ukoo huohuo, aliyekaa upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Kisiwa chenyewe kina eneo la kilomita za mraba 135 na kiko takriban kilomita 350 kusini mwa Java, ingawa tangu 1958 kimekuwa chini ya Australia, ambayo pwani yake iko mbali zaidi sana. Ni kilele cha mlima wa volkano uliofunikwa na mawe ya chokaa, na hakijawahi kuunganishwa na bara lolote. Kila mnyama wa nchi kavu aliyekutwa hapo alifika kwa kuruka au kwa kuelea, na mababu wa kirukanjia huyu yaelekea walibebwa na mkondo juu ya magogo na takataka za mimea kutoka Asia. Binadamu hawakuishi hapo. Nahodha mmoja Mwingereza, William Mynors, alipita karibu nacho siku ya Krismasi mwaka 1643 akakipa jina, lakini makazi ya kudumu hayakuanza hadi 1888, mwaka ambao Uingereza ilikitwaa. Wakati huo kisiwa kilikuwa na mamalia watano wa asili, nao wote hawakupatikana mahali pengine duniani: panya wawili, mmoja akiitwa panya wa Maclear na mwingine panya bulldog, popo mdogo mla wadudu, popo mkubwa mla matunda, na kirukanjia.

Kilichowavuta watu kilikuwa fosfeti. Sampuli za mawe zilizochukuliwa na meli za kijeshi za upimaji katika miaka ya 1886 na 1887 zilichunguzwa na John Murray, mwanasayansi wa bahari, ambaye alitambua kwamba kisiwa kina akiba kubwa ya madini hayo ya mbolea. Kampuni ya uchimbaji ilianzishwa mwaka 1897. Murray huyohuyo alifadhili safari ya Charles Andrews wa British Museum ili aorodheshe viumbe wa kisiwa kabla uchimbaji haujakibadilisha, na kwa hilo tunamshukuru, maana bila safari hiyo tusingekuwa na kipimo chochote cha hali ya mwanzo. Andrews alikaa huko takriban miezi kumi kati ya 1897 na 1898. Katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1900 alieleza kwamba kirukanjia ni wa kawaida mno kote kisiwani, kwamba huishi katika mashimo ya miamba na mizizi ya miti, kwamba hula mbawakawa wadogo, na kwamba usiku mlio wake mwembamba na mkali, unaofanana na wa popo, husikika pande zote.

Maelezo hayo ndiyo karibu yote tuliyo nayo kuhusu maisha ya mnyama huyu. Hakuna aliyejua anazaa watoto wangapi, msimu gani, wala anahitaji eneo la ukubwa gani. Andrews hakufanya uzembe; mnyama anayesikika kila upande haonekani kuhitaji kuchunguzwa kwanza, na yeye alikuwa peke yake akiwa na ndege, wadudu, mimea, kaa na mawe ya kisiwa kizima mikononi mwake. Lakini pengo hilo lilikuja kugharimu baadaye, kama tutakavyoona.

Meli ya mwaka 1899

Inaaminika kwamba panya weusi, wale wale wanaosafiri na meli na tunaowafahamu katika kila bandari ya pwani yetu, walifika kisiwani mwaka 1899 na meli iitwayo Hindustan. Katika muda wa miaka michache panya wa asili wakaanza kufa. Waliokuwepo walisimulia kwamba waliwaona wakijikokota mchana kwenye njia za msituni, wanyama ambao kwa kawaida yao walitoka usiku tu, wakiwa dhaifu na karibu kufa. Baada ya 1903 hakuna kumbukumbu ya panya hao. Andrews aliporudi kisiwani mwaka 1908 aliwatafuta bila kumpata hata mmoja, na kirukanjia naye hakuonekana wala kusikika. Miaka kumi ilikuwa imetosha.

Daktari Herbert Durham, aliyewahi kufika kisiwani kwa uchunguzi wa ugonjwa wa beriberi, alikuwa ametoa rai kwamba panya wa asili waliuawa na kimelea wa damu aliyeletwa na panya weusi. Rai hiyo ilikaa karne nzima bila kuthibitishwa wala kukanushwa. Mwaka 2008 timu ya watafiti, akiwemo Kelly Wyatt na Alex Greenwood, ilichukua sampuli za DNA kutoka kwenye ngozi za panya zilizohifadhiwa makumbusho na kukuta kwamba panya wa asili waliokusanywa kabla ya panya weusi kufika hawakuwa na alama ya Trypanosoma lewisi, ilhali baadhi ya waliokusanywa baada ya hapo walikuwa nayo. Kimelea huyo ni ndugu wa wale wanaosababisha malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, ila yeye huenezwa na viroboto. Kwa panya weusi, waliozoeana naye kwa vizazi vingi, hana madhara makubwa. Kwa panya wa kisiwa kilichojitenga, ambao miili yao haikuwahi kukutana naye, yaelekea alikuwa kifo.

Je, ndicho kilichomuua kirukanjia? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu, kwa sababu maandishi mengi yanaunganisha mambo mawili ambayo ushahidi wake si sawa. Kwa panya, tuna kimelea ndani ya ngozi zao. Kwa kirukanjia, tuna wakati tu: alipotea katika kipindi kilekile. Hiyo ni hoja yenye uzito, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 1908 sehemu kubwa ya msitu ilikuwa bado imesimama na uchimbaji ulikuwa umegusa kipande kidogo cha kisiwa, kwa hiyo kukatwa kwa msitu hakuwezi kueleza kutoweka kwa mnyama aliyekuwa akisikika kutoka ufukweni hadi katikati. Paka walioletwa na walowezi walikuwepo, lakini ni vigumu kuamini kwamba paka pekee wangemaliza kisiwa kizima katika miaka kumi. Maradhi, yawe ya kimelea huyo au mengine yaliyosafiri na panya weusi, ndiyo maelezo yanayolingana zaidi na kasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya maradhi peke yake hayalitoshelezi. Virukanjia huishi muda mfupi na huzaana haraka. Mlipuko wa ugonjwa unaoua wengi huacha wachache, na wachache hao wakikuta msitu umejaa mende na wadudu wengine wasio na wa kuwala, wangepaswa kuongezeka tena katika miaka michache. Tunajua kwamba wachache walibaki, kwa sababu walionekana baadaye. Basi mbona hawakuongezeka? Lazima kulikuwa na shinikizo lisiloondoka: panya weusi waliobaki kisiwani wakiwa hifadhi ya kudumu ya vimelea, wakishindania mashimo na chakula, pengine wakila makinda, na paka walioendelea kuwinda. Kwa maoni yangu, wengi wao waliuawa na maradhi, kisha wanyama wageni wakawazuia waliosalia wasinyanyuke. Tofauti hii ina maana kwa vitendo, kwa sababu maradhi ya mwaka 1900 hayangeweza kuzuiwa, lakini panya na paka wanaweza kudhibitiwa. Kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja kiliondoa panya weusi wote mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo kaa wa nazi, ambaye pia ni mkazi maarufu wa Kisiwa cha Krismasi, anatembea huko bila bughudha hiyo. Ni kweli Chumbe ni kisiwa kidogo sana na kazi hiyo katika kilomita za mraba 135 za msitu na majabali ni jambo jingine kabisa.

Kuonekana tena

Baada ya 1908 kirukanjia alihesabiwa kuwa ametoweka, na kwa nusu karne hakuna kumbukumbu yoyote yake. Kisha mwaka 1958, tingatinga zilipokuwa zikisafisha msitu wa mvua upande wa kusini wa kisiwa ili fosfeti ichimbwe, virukanjia wawili wakaonekana. Ni jambo la kuumiza kulitafakari: mnyama aliyedhaniwa amekwisha alijitokeza kwa sababu tu nyumba yake ilikuwa inabomolewa, na ubomoaji ukaendelea. Kwa jumla takriban robo ya msitu wa kisiwa iliondolewa kwa ajili ya madini hayo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakukuwa na msako mkubwa mwaka 1958. Nadhani jibu liko katika kauli ya 1908. Mtu anayeamini mnyama ameisha hatengi fedha za kumtafuta, na anapoletewa habari kwamba ameonekana huwa hana mtu wa kumpelekea, hana sheria inayomlazimisha kusimamisha kazi, na hana mpango uliokwisha kuandikwa. Kisiwa mwaka huo kilikuwa kinahamishwa kutoka utawala wa Singapore kwenda Australia, mkazi wake mkubwa alikuwa kampuni ya fosfeti, na hifadhi ya taifa haikuanzishwa hadi 1980.

Nafasi ya mwisho ilikuja katikati ya miaka ya 1980. Wanabiolojia waliokuwa wakifanya kazi kisiwani walimpata jike akiwa hai, na baada ya muda akapatikana na dume. Naomba msomaji akae kidogo juu ya jambo hili, maana ndilo kiini cha kisa. Kwa mnyama aliyeonekana mara moja tu katika karne nzima, kupata jike na dume katika kipindi kimoja ni bahati isiyoweza kupangwa. Jike aliwekwa katika kizimba kidogo na kulishwa panzi waliokamatwa kwa mkono, naye akaendelea vizuri. Dume alikuwa dhaifu, akafa baada ya wiki chache. Jike alidumu zaidi, kisha naye akafa. Hawakuacha uzao. Tangu mwaka 1985 hakuna kirukanjia mwingine aliyethibitishwa kuonekana, na wawili hao ndio wa mwisho wanaojulikana.

Sitawalaumu watu waliowahudumia. Walijitahidi kwa walichokuwa nacho, na kumweka hai mnyama anayekula mfululizo si kazi ndogo hata kwa bustani kubwa za wanyama. Hapa ndipo pengo la 1898 liliporudi kudai deni lake, kwa sababu hakuna aliyejua lolote kuhusu uzazi wa spishi hii. Lakini kulikuwa na jambo lililowezekana kufanyika mara moja, nalo ni msako mpana na wa miaka mingi kuzunguka mahali walipopatikana, ukifanywa wakati bado kulikuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna kundi lililosalia karibu. Mpango wa kitaifa wa kumnusuru uliandikwa mwaka 2004, karibu miaka ishirini baadaye, na misako iliyofanywa katika miaka ya 1990 na 2000 ilikuja wakati msitu wenyewe ulikuwa umebadilika.

Ulibadilika kwa namna gani? Sisimizi wa manjano, walioingizwa kisiwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, walikuwa kimya kwa miongo kadhaa, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaunda makoloni makubwa yasiyo na mpaka, yaliyoua mamilioni ya kaa wekundu kwa kuwanyunyizia asidi ya fomiki. Kaa hao ndio wanaokula majani na miche na kuuweka wazi msitu wa kisiwa, kwa hiyo walipokufa sakafu ya msitu ikajaa miche na tabaka nene la majani. Sisimizi hao walipata nguvu kutokana na utomvu mtamu wa wadudu gamba walioletwa pia na binadamu, na ndiyo sababu mwaka 2016 wataalamu waliingiza nyigu mdogo kutoka Malaysia anayewashambulia wadudu gamba hao. Kwa upande mwingine, mwaka 1987 aligunduliwa nyoka mgeni wa kutoka Asia anayewinda mijusi, na mijusi ya asili ikaporomoka. Guruguru wa msitu wa mwisho anayejulikana wa kisiwa hicho, jike aliyekuwa kifungoni, alikufa Mei 2014. Kama kundi dogo la virukanjia lilikuwepo mwaka 1985, lilikuwa likielekea katika miaka mibaya zaidi kuliko yote tangu 1900.

Kumtafuta pia kulikuwa kazi ngumu kweli. Mitego ya kawaida ya panya mara nyingi haifyatuki kwa uzito wa gramu tano. Njia inayotumika kwa virukanjia duniani kote ni kufukia ndoo ardhini ili mnyama atumbukie, lakini katika kisiwa chenye mamilioni ya kaa ndoo hujaa kaa, na kaa wa nazi, wenye nguvu za kupasua dafu, huvuruga vifaa vyovyote vyenye harufu ya chakula. Jambo ambalo naona lingestahili mkazo mapema zaidi ni sauti. Andrews alikuwa ameshatuambia kwamba mnyama huyu husikika kuliko anavyoonekana, na vinasa sauti vinavyoachwa msituni usiku kucha havisumbuliwi na kaa kama ndoo ya chambo.

Tatizo la kumtangaza

Kanuni ya IUCN ni kwamba spishi huhesabiwa kuwa imetoweka pale ambapo hakuna shaka ya maana kwamba mnyama wa mwisho amekufa, baada ya misako ya kina katika makazi yake, kwa nyakati zinazofaa na kwa muda unaolingana na maisha yake. Ni kanuni ya busara, na kisa chetu chenyewe kinaonyesha sababu: tangazo la 1908 lilikuwa na makosa, na makosa hayo yalimwondolea mnyama ulinzi wakati alipokuwa bado hai. Kosa la upande wa pili lipo vilevile. Mnyama asiyekuwepo akiendelea kuorodheshwa kuwa yumo hatarini, hesabu ya vifo inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na hakuna mtu anayelazimika kueleza kilichotokea. Kwa mtazamo wangu miaka arobaini kati ya 1985 na 2025 haikuwa mingi mno kwa mnyama aliyewahi kurudi baada ya nusu karne, na waliofanya tathmini walifanya vyema kutoharakisha. Kwa tangazo hilo, idadi ya mamalia wa Australia waliotoweka tangu ukoloni uanze mwaka 1788 ilihesabiwa kufikia 39.

Kulikuwa na kikwazo kingine kilichopunguza uzito wa suala hili kwa miaka mingi. Kirukanjia huyu alihesabiwa kuwa tawi tu la spishi moja ya Asia iliyoenea sana, kwa hiyo aliyesoma orodha angeweza kujifariji kwamba hata akipotea kisiwani, ndugu zake wapo bara. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia vielelezo vilivyohifadhiwa makumbusho, ulionyesha kwamba alikuwa tofauti vya kutosha kuwa spishi kamili. Kwa maneno mengine, thamani yake ilitambuliwa karibu miaka thelathini baada ya wa mwisho anayejulikana kufa.

Wapo wanaosema kwamba kwa teknolojia ya leo vielelezo hivyo vinaweza kutumika kumrudisha. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilijaribu kupima uwezekano huo kwa panya wa Maclear, jirani wa kirukanjia aliyekufa katika miaka ileile, kwa kulinganisha jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake, na ya panya wa kahawia wa mijini. Walipata sehemu kubwa mno, lakini takriban asilimia 5 haikupatikana kabisa, zikiwemo jeni zinazohusu kunusa na kinga ya mwili. Mnyama wa usiku aliyeuawa na maradhi, akirudishwa bila pua yake na bila kinga yake, atakuwa mnyama mwingine.

Popo waliobaki nyuma

Kisiwa hakikukosa onyo baada ya 1985. Popo mdogo mla wadudu, mwenye uzito wa gramu tatu na nusu hivi, alikuwa wa kawaida katika miaka ya 1980. Tofauti na kirukanjia, yeye alifuatiliwa kwa vifaa vya kunasa sauti, na kupungua kwake kulijulikana mwaka baada ya mwaka: kwanza upande wa mashariki ukanyamaza, hadi akabaki magharibi tu. Mapema mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba walikuwa wamesalia chini ya ishirini, na wataalamu wakaomba ruhusa ya kuwakamata ili wazalishwe kifungoni. Serikali iliunda kwanza kamati ya kulichunguza suala hilo. Idhini ilitolewa Julai. Timu ilipofika Agosti, vifaa vilimsikia popo mmoja peke yake, nao hawakuweza kumkamata. Alisikika kwa mara ya mwisho tarehe 26 Agosti 2009, na mwaka 2017 spishi yake ikatangazwa kuwa imetoweka.

Nikiviweka visa hivi viwili pamoja naona jambo linalonisumbua sana. Kirukanjia alikosa takwimu, na tukasema laiti tungejua. Popo alikuwa na takwimu za miaka mingi, na bado miezi michache ya kusubiri idhini ilitosha kumpoteza. Ujuzi ulikuwepo, hapakuwa na utaratibu unaosema kwamba idadi ikishuka hadi kiwango fulani, hatua fulani inaanza bila kusubiri kikao kingine. Utaratibu wa namna hiyo ungepaswa kuandikwa mwaka 1985, siku jike yule alipokufa kizimbani.

Kati ya mamalia watano wa asili amebaki mmoja, popo mla matunda, ambaye Australia imemweka katika kundi la spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa tangu 2014 na ambaye idadi yake imeshuka sana tangu miaka ya 1980. Yeye ni wa jenasi ya Pteropus, sawa na popo wa Pemba, na hapo sisi tuna la kueleza. Mwaka 1989 popo wa Pemba walikuwa wamepungua kiasi cha kuonekana wachache tu, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa miti wanayolala. Vijiji vyenye miti hiyo, Kidike kikiwa mfano unaojulikana zaidi, vilianza kulinda makundi yao na kuwahesabu, uwindaji ukapungua, na katika muda wa miaka ishirini idadi ikarudi hadi takriban 20,000. Hali za visiwa viwili si sawa: adui wa popo wa Pemba alikuwa binadamu, ambaye mtu anaweza kuzungumza naye, ilhali yule wa Kisiwa cha Krismasi anakabiliwa na paka, sisimizi na msitu uliopungua. Hata hivyo kinachohitajika kwanza ni kilekile kilichofanyika Pemba, yaani hesabu inayorudiwa kila mwaka katika miti ileile, na watu wenye mamlaka ya kuchukua hatua ndani ya msimu uleule hesabu inaposhuka. Kazi ya kuwaondoa paka wote kisiwani inaendelea, hifadhi ya taifa inasimamia takriban asilimia 63 ya ardhi, na nyigu walioletwa mwaka 2016 wanaendelea na kazi yao dhidi ya wadudu gamba. Kilichobaki ni kuandika, kabla ya tathmini ijayo ya popo huyu, ni idadi gani itakayohesabiwa kuwa ya hatari, na nani atawajibika kuanza kuwakamata kwa ajili ya kuzalishwa idadi hiyo ikifikiwa.